Jiwe la Saa Tatu na Dakika Tano

Baba yake Bi Vioo ameitwa Vumbi kwa miaka arobaini na mmoja, na kila akiitwa anaitika vizuri tu, utadhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Vijana wa kituo cha nyota walimwita hivyo mpaka wakazeeka na kustaafu, wakaja wengine wakalipokea jina pamoja na funguo na mafaili. Hata muuza mboga akipita mtaani kwao hupaza sauti, "Mzee Vumbi, nyanya za leo usipime!" naye hutoka na kikapu chake. Akutukanaye hakuchagulii tusi, hilo linajulikana, lakini mtu si anune japo kidogo? Mzee huyu hakuwahi kununa hata siku moja.

Aliyenuna kwa niaba yake ni binti yake. Naye pia, Bi Vioo si jina lake, ni kazi yake. Kabla ya kompyuta, picha za anga zilipigwa juu ya vioo, kila kimoja ukubwa wa daftari la shule, kimepakwa dawa upande mmoja. Nyota zilitokea nyeusi juu ya kioo cheupe, kama pilipili manga iliyomwagika. Kituo kilikuwa na vioo elfu kumi na moja, vimesimama ndani ya bahasha zao kwenye makabati ya mbao ya ghorofa ya chini. Kazi ya Bi Vioo ilikuwa kukitoa kimoja kimoja, kukipangusa kwa brashi laini, kukilaza kwenye mashine ya skani, kisha kusoma tarehe na saa yake katika daftari la zamani na kuziingiza kwenye kompyuta. Miaka sita alikuwa kwenye kazi hiyo na hakuwahi kuvunja hata kimoja. Nyumbani kwake, kikombe kikimaliza mwezi kina bahati.

Vingi vya vioo hivyo alivipiga baba yake, aliyekuwa mpiga picha wa kituo, na kisa cha jina lake kilijulikana na kila mtu pale kilimani kituo kilipo. Enzi za ujana wake alipiga picha za kipande kimoja cha anga siku tatu mfululizo. Alipovilaza vioo vile kimoja juu ya kingine akaona nukta moja haikai na wenzake. Nyota hukaa mahali pake; nukta hii ilikuwa inasogea, tena kidogo sana, na kitu kinachosogea kidogo hivyo maana yake kiko mbali mno, nyuma ya sayari zote. Akakimbia nayo kwa Mkuu wa wakati ule, mtu mpole aliyetoka ng'ambo. Mkuu akachukua daftari la saa na penseli, akapiga hesabu asubuhi nzima. Jibu likaja kwamba kati ya siku ya kwanza na ya pili nukta ilikimbia kama mwizi, na kati ya ya pili na ya tatu ikatembea kama bibi harusi. Hakuna jiwe la angani lenye tabia hiyo. Basi ikaonekana ni vumbi lililoganda kwenye kioo. Kufika wakati wa chakula cha mchana mpishi alishajua, na kufika jioni jina lilishakaa.

Bi Vioo alikua na kisa hicho. Shuleni walimwita mtoto wa Vumbi, na walimu wakacheka pamoja na watoto. Mtu mmoja tu hakuwahi kulitamka jina hilo, naye ni marehemu mama yake, aliyekuwa mwandishi wa daftari pale pale kituoni. Yeye alimwita mumewe "mwenzangu" mpaka siku ya mwisho.

Jumatatu moja asubuhi Mkuu wa sasa aliteremka ghorofa ya chini. Huyu ni mama mrefu mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na kila siku lazima aitafute hiyo ya kichwani.

"Dada, acha hicho ulichoshika. Weka kwanza taratibu," akasema. "Kuna habari."

Darubini moja kubwa, mbali huko, ilikuwa imeona asteroidi mpya, yaani jiwe la angani, pembezoni kabisa mwa himaya ya jua. Si changarawe. Ukiwa na barabara na basi zuri, ungeondoka upande mmoja asubuhi na usiku ungekukuta hujafika upande wa pili. Lilichukua miaka elfu tisa kulizunguka jua mara moja tu, na ungesimama juu yake ungeliona jua lenyewe kama nyota, labda iliyonawiri kuliko wenzake. Tatizo ni kwamba waliokuwa wameliona walikuwa nalo kwa miezi michache tu. Kitu cha miaka elfu tisa, miezi michache ni sawa na kumwona mtu anapepesa jicho ukadai unajua anakokwenda. Walihitaji picha za zamani.

"Wamerudisha hesabu nyuma," Mkuu akasema. "Miaka arobaini na mmoja iliyopita lilipita kwenye kipande cha anga ambacho sisi tulikipiga picha. Siku tatu, tarehe kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano. Orodha yao inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Ukinipatia vioo hivyo nitakununulia soda."

Tarehe zile Bi Vioo alizijua kama mtu anavyojua siku aliyoanguka mbele za watu. Akafungua kabati, akavitoa vyote vitatu.

Nukta ilikuwepo. Kwenye kioo cha tarehe kumi na tatu ilikaa pale pale hesabu zilipotaka ikae, na kwenye cha kumi na tano vilevile, huwezi kupitisha hata unywele. Bi Vioo alianza kulia, akageuka upande ili chozi lisidondoke kwenye kioo. Halafu Mkuu akafungua cha katikati. Akabadilisha miwani.

"Hiki kinakataa," akasema. "Saa hii uliyoingiza, 03:05, jiwe lilipaswa liwe huku. Lenyewe liko kule."

"Lakini viwili vimekubali!"

"Viwili vimetoka kwenye daftari moja na hiki, dada. Wenzetu wakiona daftari limedanganya mara moja, wataliuliza mara ngapi limedanganya. Watavitupa vyote vitatu." Akavua miwani zote mbili. Alionekana ameumia kweli. "Tuna mpaka Ijumaa. Tafuta. Pengine kioo kiligeuzwa, sijui. Tafuta tu."

Siku hiyo Bi Vioo alirudi nyumbani akampikia baba yake bila kusema neno. Mzee alishakula chumvi nyingi, macho yameanza kuingia ukungu, na kumpa mtu wa umri ule tumaini kisha kumnyang'anya ni ukatili. Jumanne alikigeuza kioo pande zote. Hakikuwa kimegeuzwa. Jumatano, kwa kukosa la kufanya, aliliteremsha daftari lenyewe kutoka rafu ya juu, akalifungua kwenye ukurasa ule ambao miaka miwili nyuma aliusoma haraka haraka akaingiza tarakimu na kupita.

Tarehe kumi na tatu na kumi na tano ziliandikwa na mkono wa karani mzee, herufi zimelala kama zimechoka: 21:10, 21:20. Tarehe kumi na nne ilikuwa na mkono mwingine. Tatu yake ilikuwa na kichwa bapa, kama kofia. Bi Vioo aliijua tatu hiyo. Aliiona kwenye karatasi za kwenda dukani, kwenye majalada ya madaftari yake ya shule, kwenye chupa za dawa za kikohozi. Mama yake alikuwa ameandika 3:05. Hakukuwa na sifuri mbele. Ile sifuri aliiongeza Bi Vioo mwenyewe, kwa kuwa kompyuta haikubali tarakimu moja.

Akaangalia ukutani. Saa ya enzi za mama yake bado inaning'inia pale, uso mkubwa kama sahani. Akajiuliza, mshale mfupi ukiwa kwenye tisa, sisi tunasema saa ngapi? Hata mtoto wa chekechea angemjibu. Tunasema saa tatu. Mama yake, peke yake mezani na kalamu ya wino, alitazama juu, akaona mshale kwenye tisa, akaandika anachokisema kila mtu aliyemzaa na kumlea: saa tatu na dakika tano. Na Mkuu wa ng'ambo, ambaye kwake tatu ya usiku ni ile inayokaribia alfajiri, akaisoma kama alivyofundishwa na mama yake yeye.

Bi Vioo akafuta 03:05. Akaandika 21:05. Nukta ikaangukia mahali pake, kimya, kama kifungo kinavyoingia kwenye tundu.

Na kwa nini hakuna aliyeona kosa hilo miaka yote? Kwa sababu nyota hazisogei. Ungeziandikia saa yoyote unayotaka, zisingebisha. Kilihitajika kitu kinachotembea ndipo daftari liumbuke.

Hakungoja basi. Aliteremka kilima kwa miguu, kitambulisho cha kazi kikimpiga kifuani. Alimkuta baba yake nyuma ya nyumba anaosha vyombo kwa utaratibu wake wa chumba cha giza cha kusafishia picha: beseni la kwanza sabuni, la pili maji, la tatu maji masafi zaidi, na midomo inahesabu sekunde. Wajukuu walimcheka, lakini vyombo vyake viling'aa.

"Shikamoo baba. Halikuwa vumbi!"

"Marahaba. Hamsini na nane, hamsini na tisa." Akatoa sahani. "Nini halikuwa vumbi?"

Akamweleza yote kwa pumzi moja: darubini, basi linalotembea kutwa, miaka elfu tisa, vioo vitatu, saa. Alitarajia mzee aruke, au alie, au angalau aangushe sahani. Mzee akaifuta sahani ile mbele na nyuma, akaiweka juu ya wenzake.

"Umemwambia nani hilo la saa?"

Bi Vioo akamtazama. Mtu akiambiwa jambo jipya haulizi swali hilo.

"Baba. Ulikuwa unajua?"

"Kaa chini, mama. Unanisimamia kama askari."

Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mzee akakausha mikono, kidole baada ya kidole.

"Siku ile ya hesabu Mkuu aliniita ofisini. Daftari liko wazi mezani. Akanionyesha, tazama, hapa linakimbia, hapa linatambaa. Nikatazama pale kidole chake kilipo, nikaona tatu na dakika tano. Nikajua hapo hapo. Saa tisa usiku mimi nilikuwa nyumbani nakoroma. Kile kioo nilikipiga saa tatu."

"Si ungesema!"

"Mama yako alikuwa amesimama mlangoni. Wiki yake ya pili kazini. Karani mzee jino lilimuuma usiku ule wa kumi na nne, ndiyo mara ya kwanza wakamwachia kalamu peke yake. Yuko kwenye majaribio ya miezi mitatu. Na mwaka ule ule makarani wawili walishafukuzwa, mmoja kwa doa la wino tu. Doa! Wadogo zake wanne walikuwa wanamtegemea yeye. Nikisema saa imekosewa, swali litakalofuata ni nani ameiandika." Akacheka kidogo. "Nilikuwa sijaongea naye hata maneno ishirini. Alikuwa na wino kwenye kidole hiki. Nikamwambia Mkuu, basi labda ni vumbi, bwana."

"Wewe? Ni wewe uliyesema vumbi?"

"Ni mimi. Watu wakasema ni yeye. Sikuwabishia."

Maisha yake yote Bi Vioo alimchukia aliyelitamka neno lile, na kumbe ndiye aliyemfunga viatu akienda shule.

"Baadaye nikamfundisha saa za daftari," mzee akaendelea. "Nikamwambia ndiyo desturi ya hapa, usiku unaongeza kumi na nane. Akashika mara moja, alikuwa na kichwa kile! Hakurudia tena. Sikumwambia kwa nini."

"Hakujua kabisa? Miaka yote hiyo?"

"Hajui," mzee akasema.

Mama yake Bi Vioo alikuwa na miaka mitatu kaburini, na mumewe bado alikuwa anamfichia.

"Baba, ulikuwa umempenda sana."

"Kama mjinga," mzee akasema, kisha akaokota sahani nyingine. "Sasa sikiliza. Hiyo barua yenu ya Ijumaa mtaandika nini?"

Hapo ndipo penye mwiba, na Bi Vioo aliujua. Fomu ya wenzao wa darubini ilikuwa na sehemu isemayo *sababu ya marekebisho*, yenye vijisanduku vitatu vya kuweka alama: kosa la mwandishi, kosa la chombo, kosa lingine. Saa haiwezi kubadilishwa bila sababu, na jina la mwandishi lazima liwepo.

"Tutaandika kosa la mwandishi," akasema polepole. "Ni fomu tu, baba."

"Basi acheni."

"Baba!"

"Nimesema acheni. Yule mama aliandika daftari lile miaka ishirini na sita, hakuna doa. Leo hayupo wa kujitetea, niruhusu duniani kote lisomwe jina lake na neno kosa mbele yake? Ili mimi nipate jiwe? Nina jiwe gani la kupeleka wapi? Niacheni na vumbi langu, nimeshalizoea."

"Wewe umezoea! Mimi nimeitwa mtoto wa Vumbi shule nzima!"

"Ukala, ukasoma, ukaolewa."

"Ni jiwe kubwa kama nchi, baba! Lisipowekwa kwenye orodha sasa watalipoteza, na likipotea limepotea. Miaka elfu tisa!"

"Lina haraka gani basi?" mzee akasema, akamgeuzia mgongo na kuanza kuhesabu sekunde. Ukimjua utajua kwamba mazungumzo yalikuwa yamekwisha.

Alhamisi ilipita hivyo, binti amenuna, baba naye safari hii amenuna, kwa mara ya kwanza katika historia ya nyumba ile. Chai ilinywewa kila mtu na dirisha lake. Lililomuuma Bi Vioo zaidi ni kwamba kila alipomkasirikia baba yake alijikuta anampenda zaidi, na hasira ya namna hiyo haishibishi.

Ijumaa saa nne asubuhi alikaa mbele ya fomu na Mkuu amesimama nyuma yake. Alishamweleza kila kitu. Mkuu hakumharakisha, ila alikuwa anapiga kalamu mkononi, tap, tap.

Bi Vioo alivitazama vile vijisanduku. Kosa, kosa, kosa. Waliotengeneza fomu hawakuwazia kwamba kitu kinaweza kwenda kombo bila mtu kukosea. Akawaza, kwani mama alikosea nini? Aliulizwa saa, akaitaja saa. Mtu wa kwanza unayekutana naye njiani, ukimwuliza, atakutajia ile ile. Kama barua imeandikwa sawasawa na msomaji hakuielewa, mwandishi ana kosa gani?

Akaviacha vijisanduku vyote vitupu. Chini yake, mahali pa maelezo, akaandika: *Hakuna kosa. Saa iliandikwa kwa Kiswahili. Iliposomwa ilisomwa kwa lugha nyingine. Saa tatu na dakika tano usiku ni 21:05.* Kisha akajaza safu ya majina, la mpiga picha na la mwandishi, akiyanakili herufi kwa herufi kutoka daftarini.

Mkuu akasoma. Akasoma tena. Akaanza kucheka mpaka miwani ya kichwani ikamwangukia puani juu ya ile nyingine.

"Watatuuliza maana yake nini, dada."

"Wakiuliza tutawafundisha. Mtu anajifunza dakika tano tu."

Mkuu akatia sahihi.

Waliuliza kweli. Barua tatu zilikwenda na kurudi, ya kwanza ya wasiwasi, ya pili ya udadisi, ya tatu na mchoro wa saa wenye tarakimu pande zote mbili, mtu akiuliza kama ameelewa. Alikuwa ameelewa. Wiki ya nne jibu likaja kwamba njia ya jiwe imejulikana, imeingizwa, na haitapotea tena.

Bi Vioo alilichapa jibu kwenye karatasi akalipeleka nyumbani alasiri. Mzee alikuwa barazani, na kununa kulishapungua hadi kukohoa tu mtu akipita.

"Sikuandika kosa," Bi Vioo akasema kabla hajakaa. Akamsomea maelezo yale kama yalivyo. Mzee akayasikiliza huku ameinamisha kichwa, na ilipofika *saa iliandikwa kwa Kiswahili* mabega yakaanza kumtikisika, Bi Vioo asijue ni kicheko au ni nini.

"Hakuna kosa," mzee akasema. "Umeandika hivyo? Kwa wino?"

"Kwa wino. Na wamekubali. Sasa sikiliza orodha. Walioliona jiwe hili kwanza, miaka arobaini na mmoja iliyopita, watu wawili." Akasoma jina la baba yake, lile halisi, kwa ukamilifu. Mzee akaitikia kwa kichwa kama anasomewa jina la jirani. Kisha akasoma la pili.

Halikuwa jina alilolizoea yeye. Siku ile daftari lilipoandikwa mama yake alikuwa bado hajaolewa, na hivyo ndivyo lilivyokuwa limeandikwa, jina la usichana, jina la baba yake na la babu yake. Bi Vioo mwenyewe alikuwa amelisikia labda mara mbili maishani.

Mzee aliinua uso. Macho yake yenye ukungu yalikuwa yamefunguka wazi.

"Soma tena hilo la pili."

Akasoma.

"Sivyo," mzee akasema. "Yeye hakulitamka hivyo. Alilivuta kidogo mwishoni." Halafu akalitamka mwenyewe, kwa sauti, uso ameuelekeza ndani ya nyumba, kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili aje aone kitu.